Mfuko Usiotiwa Pumba

Sonara akifunga duka lake kwa mara ya mwisho hatupi kitu. Anachoma. Anachoma aproni, mifagio, vitambaa vya kupangusia mikono, zulia lililokuwa chini ya meza ya kazi, na kama sakafu ni ya mbao anaing'oa nayo inaingia motoni. Wapita njia wakiona moshi hudhani mtu kapata wazimu. Hawajui kwamba miaka yote ile dhahabu ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo, unga usioonekana kwa macho, na kwamba majivu yale yakioshwa na kuyeyushwa hutoa kidonge cha kumlisha mtu mwaka mzima.

Kwa hiyo hakuna wa kushangaa kumkuta Pungufu asubuhi ile kakaa sakafuni, mwanamke mwenye mvi na wajukuu, miguu kainyoosha kama mtoto, anachana kwa kisu mto wa kigoda cha baba mkwe wake. Mzee alikikalia kigoda kile maisha yake yote ya kazi, na ngozi ya mto ilikuwa nyeusi inayong'aa. Pungufu alikuwa anatenga ngozi huku, pamba kule, maana haviungui sawasawa. Uani mumewe alikuwa anapanga matofali ya tanuri na kupiga mluzi. Duka lilikuwa limepata mnunuzi. Kesho yake angekuja pamoja na mwenyekiti wa chama cha masonara, watie saini, na kibao cha mlangoni kilichoandikwa MIZANI YA HAKI kipate bwana mpya.

Katikati ya pamba kisu kiligusa kitu kilaini. Ulikuwa mfuko wa ngozi ya mbuzi, shingo nyembamba, umekunjwa mara mbili na kushonewa mahali ambapo mkono usingeufikia kwa bahati tu. Pungufu aliufungua mdomo akaupindua ndani nje. Ndani ulikuwa wa manjano.

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alipeleka vidole moja kwa moja kwenye mishono akaanza kuipekua, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mwanawe. Akapekua mshono mmoja, akapekua wa pili, akaingia mpaka kwenye pembe za chini. Hapakuwa na pumba hata chembe moja. Akaanza kuipekua upya toka mwanzo, na ili ujue kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo kwa kukosa pumba za ngano, lazima turudi nyuma kidogo, enzi za dhahabu.

Kabla ya noti, watu wa nchi ile walilipana kwa sarafu za dhahabu, na sarafu zilikuwa za aina nne. Kubwa kuliko zote iliitwa Jozi, sawa na Nzima mbili, na mtaani waliiita Bwana na Bibi kwa sababu ilichorwa vichwa viwili vinavyotazamana kwa hasira, kama waliogombana jana. Jozi haikuzunguka. Ilinunua nyumba, kisha ikaenda kulala sandukuni kwa mtu mwingine. Nzima ilikuwa mshahara wa karani wa mwezi mzima, na karani mwenyewe hakuipokea kabla ya kuigonga juu ya jiwe la kaunta aisikie inavyolia, kwani dhahabu safi huimba na iliyochanganywa hukohoa. Robo ilikuwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Hiyo waliiita Kunguni, maana ilipenda kujificha kwenye mishono ya magodoro. Hapo katikati ndipo ilipokuwa Nusu, punda wa wote. Nusu ililipa kodi ya nyumba, gunia la nafaka, fundi wa paa na daktari wa meno. Ilipita mikono mingi mpaka kichwa kilichochorwa juu yake kikapoteza pua, na hakuna aliyeitazama mara mbili.

Dhahabu ni laini, na kila mfuko inamopita inaacha kidogo. Serikali ililijua hilo ikaweka kipimo: sarafu ikipungua chini ya hapo, si pesa tena. Ilipoamua kuzikusanya zote na kutoa noti, kila sarafu ilipandishwa mizani kwenye kaunta ya benki, na iliyopungua ilikatwa palepale kwa mkasi mbele ya macho ya aliyeileta, kisha akarudishiwa vipande kama vyuma chakavu. Haikujalisha nani aliipunguza wala ilipita kwa wangapi. Karani wa benki alitoa hukumu ileile kwa kila mtu, bila kuinua macho: hasara ni ya aliyeishika mwisho.

Baba yake Pungufu alikuwa keshia wa nyumba moja ya biashara ya nafaka na ngozi. Alikuwa mtu wa mizani hasa. Hakuna sarafu iliyoingia mikononi mwake bila kupimwa, hata ikitoka kwa Tajiri mwenyewe, mwenye nyumba ile. Tajiri naye alikuwa na ugonjwa wa kupenda vitu ving'ae. Kila mwisho wa mwezi alitaka dhahabu yake ioshwe kabla ya kuingia kwenye sefu, na masonara wana namna yao ya kuosha. Sarafu hutiwa kwenye mfuko wa ngozi pamoja na pumba, mfuko ukafungwa, ukatikiswa taratibu. Pumba hunyonya mafuta ya mikono ya watu, na zaidi ya hapo huzikinga sarafu zisisuguane. Amri ya Tajiri ilikuwa keshia akae mbele ya sonara mpaka mwisho, kisha azipime zote upya.

Kazi alipewa sonara aliyekuwa rafiki wa keshia, rafiki wa kufa na kuzikana. Hapo ndipo baba wa watu alipoteleza. Amkodolee macho rafiki yake kama polisi? Apime kilichotoka mkononi mwake? Kwake huko kulikuwa kumtukana mtu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alikabidhi mifuko, akaketi chumba cha mbele na kikombe cha chai, bintiye mapajani, na nyuma ya pazia Sonara akatikisa. Chaka-chaka, chaka-chaka. Mtoto aliupenda mlio ule kuliko kitu chochote. Alikuwa anateremka mapajani anaucheza, mikono kiunoni, na baba yake anampigia makofi.

Siku ya kupeleka dhahabu benki, Jozi zilipita, Nzima zikapita, Robo zikapita. Nusu zikakataa. Karani wa benki alikata asubuhi nzima mpaka akaomba mkasi mwingine.

Tajiri alimweka keshia katikati ya uwanja wa ghala, wafanyakazi wote wamezunguka, akamwita Sonara azipime tena kama mtaalamu. Sonara alipima. "Ni kweli, zimepungua," alisema, akafunga mizani yake akaondoka. Tajiri akamgeukia keshia: zilipooshwa, ulikuwepo? Keshia akajibu kwamba alikuwepo. Angesema nini? Kusema hakuwepo ni kukiri kwamba alivunja amri, na kibaya zaidi, ni kumnyooshea kidole rafiki yake. Msimamizi wa ghala, mtu wa mzaha, akapaza sauti: "Kwaheri, Bwana Pungufu!" Uwanja mzima ukacheka, na jina likaganda.

Nyumba yao ilichukuliwa kufidia. Baba alihamia chumba cha kupanga, akawa anakaa kitandani na vipande viwili vya Nusu moja iliyokatwa, anavishikanisha na kuvitenganisha, akiuliza ukuta: kwa nini Nusu tu? Mwizi gani aache Jozi achukue Nusu? Alikufa hajajibiwa, na mama hakukawia kumfuata. Na nani aliyelipia mazishi, akaleta unga, akamchukua mtoto? Sonara. Alimlea, akamfundisha kazi wakati wanawake hawakukaribishwa kwenye meza ile, na alipokua akamwoza kwa mwanawe. Mji mzima ulisema yule mzee ana moyo wa dhahabu. Pungufu mwenyewe alisema hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Jina alirithi. Alijifunza kulitania kabla hajataniwa. "Kwa Pungufu hakipungui kitu," aliwaambia wateja, wakacheka naye akacheka, na kila mara akameza kitu kichungu. Kilichomuuma kuliko jina ni kisa. Chama cha masonara kilikuwa na desturi ya kumsimulia kila mwanafunzi mpya, siku ya kwanza, kisa cha Bwana Pungufu, keshia aliyezitikisa sarafu za tajiri wake. Alimsikia kila mwenyekiti akikisimulia, yeye amesimama palepale akipitisha vikombe vya chai. Alikuwa anaomba jambo moja tu duniani, kisa kile kinyamaze kabla yeye hajafa.

Na ujanja wenyewe wa kutikisa alifundishwa na nani? Na Sonara huyohuyo. Mchana mmoja, bado msichana, alielezwa jinsi wezi wa zamani walivyotia sarafu kavu kwenye mfuko bila pumba, wakazitikisa mpaka unga ukaingia kwenye ngozi, kisha wakauchoma mfuko. "Tupa ya chuma inaacha alama kwenye sarafu," alisema. "Mfuko hauachi." Msichana akauliza, ndivyo baba alivyofanya? Sonara akamshika bega. "Watu hukosea, mwanangu."

Sasa msichana yule, na mvi zake, alinyanyuka sakafuni akaenda chumba cha nyuma.

Mzee alikuwa amelala chali, amekauka kama kuni, macho yamefumba. Pungufu ndiye aliyemnywesha uji asubuhi na jioni, akamgeuza, akamfulia mashuka. Leo hakuja na bakuli. Alimwekea mfuko kifuani. Vidole vya mzee viliupapasa, vikafika shingoni mwa mfuko, vikatulia.

"Umeupata wapi?"

"Ulipoukalia."

Mzee alifumbua macho.

"Mishono haina pumba, Baba."

"Haina."

"Mfuko wa kuoshea hauwezi kukosa pumba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sikutia pumba," mzee alisema. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari. "Mwanzo nilikuwa natia. Mwezi mmoja zikaniishia, nikatikisa hivyohivyo. Nilipomaliza nikaona ngozi imebadilika rangi. Sikupanga, mwanangu. Wallahi sikupanga."

"Mwezi uliofuata je?"

Vidole vya mzee vilirudi kuupapasa mfuko.

"Na baba yangu yuko chumba cha mbele."

"Anakunywa chai."

"Na mimi nacheza."

"Na wewe unacheza," mzee alisema, na machozi yakamtiririkia masikioni kwa kuwa alikuwa chali. "Nilikuwa nakuona kwenye upenyo wa pazia."

Pungufu alitaka kumpiga. Tuseme ukweli: alitaka kumpiga mzee wa kitandani kwa ngumi, na ili asifanye hivyo aliikalia mikono yake. Kisha akauliza swali alilorithi pamoja na jina. "Kwa nini Nusu tu?"

"Jozi na Nzima watu walizigonga, walizipima, walizijua. Robo haina nyama. Nusu..." Alitafuta pumzi. "Nusu hakuna aliyeiangalia."

Ni hilo tu. Baba yake aliumaliza uhai wake wote akiuuliza ukuta, na jibu lilikuwa dogo hivyo, la kukisiwa na mtoto. Akaitazama pete kidoleni mwake, aliyovishwa siku ya ndoa, kazi ya mkono wa mzee mwenyewe.

"Na pete hii?"

"Dhahabu ya duka ilikuwa moja, mwanangu. Ile ya Nusu nayo imo."

"Mifuko mingine uliichoma. Huu mbona ukauacha?"

"Ulikuwa wa mwisho. Benki wakakata kabla sijauchoma. Ngozi ikiungua mtaa mzima unasikia harufu, nikaogopa. Halafu baba yako akafa. Nikashindwa kuuchoma, nikashindwa kuutupa."

"Ukaukalia."

"Nikaukalia."

Pungufu aliuchukua mfuko kifuani kwake. "Kesho mwenyekiti anakuja. Utamwambia hivi hivi ulivyoniambia. Utasema baba yangu hakuiba."

"Nitasema," mzee alisema haraka, karibu kwa furaha. "Nitasema yote. Nimechoka nalo."

Uani, mumewe alisikiliza ameshika tofali. Hakushangaa vya kutosha, na hilo Pungufu aliliona. Mluzi ulikuwa umekatika.

"Mama watoto, subiri tuuze kwanza," alisema. "Mnunuzi hanunui kuta hizi mbovu. Ananunua kibao. Ukisema kesho, keshokutwa hatuna hata pa kulala."

"Nimesubiri tangu nina meno ya utotoni."

"Baba yangu anakufa."

"Wangu alishakufa."

Mume aliliweka tofali mahali pake, akalisawazisha kwa kiganja. "Haya," alisema. "Ukitaka iwe hivyo, basi iwe hivyo."

Pungufu aliuweka mfuko kwenye rafu juu ya meza ya kazi, karibu na kikopo chenye vile vipande viwili vya Nusu. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka mingi, amemzalia, amemuuguza, na akisema haya ni haya. Hakuona sababu ya kulipima neno lake. Angetoa wapi tabia hiyo, na baba yake alikuwa nani?

Wageni walifika asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza ghala, mnunuzi ni mnene, mwenye jasho na saa kubwa ya mkononi. Mume aliwakaribisha vizuri, akawapangia viti chumbani kwa mzee, kisha akaomba radhi: tanuri limeshawaka, hawezi kuliacha, yuko uani wakimhitaji. Harufu ya ngozi iliyoungua ilikuwa imeenea nyumba nzima tangu alfajiri. Pungufu aliisikia akajua ni mto wa kigoda.

Mzee alisema. Haki yake apewe, alisema kama alivyoahidi, bila kujificha nyuma ya neno lolote. Kwamba keshia hakuiba. Kwamba ni yeye aliyetikisa nyuma ya pazia, na kwamba rafiki yake alibeba lawama badala ya kumtaja. Alipomaliza alikuwa anahema, na Pungufu aliyesimama mlangoni alihisi kitu kinachokaribia raha.

Mwenyekiti aliinama akampapasa mzee mkono. Alikuwa anatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Unaona?" alimwambia mnunuzi. "Unaona moyo wa mtu huyu? Anaondoka, hana cha kumwachia mkwe wake, anamwachia jina safi. Anajipaka matope yeye!"

"Sikutia pumba," mzee alisema.

"Ndiyo, Mzee, ndiyo. Nani kati yetu hajawahi kusahau pumba?" Mwenyekiti akacheka kwa upole na mnunuzi akacheka.

"Si hadithi," Pungufu alisema. "Mfuko upo. Nauleta."

Akaenda dukani. Kwenye rafu palikuwa na kikopo peke yake. Alipeleka mkono mahali pale patupu, akapapasa, ingawa macho yalikuwa yameshaona. Harufu ya ngozi ikamjia upya, na sasa akakumbuka kwamba mto wa kigoda ulikuwa bado sakafuni. Alikuwa ameuruka mwenyewe wakati anaingia.

Mumewe alitokea mlangoni na koleo mkononi, uso umepata wekundu wa moto, na kwenye meno ya koleo palikuwa na kidonge cha dhahabu ukubwa wa harage. Hakumtazama. Alimpita akaenda chumba cha nyuma, na Pungufu akamfuata kwa kuwa miguu haikujua la kufanya.

"Takataka za duka," mume aliwaonyesha wageni. "Hizo ni za mwanzo tu." Mnunuzi akapiga ukelele wa furaha. Mume akakitumbukiza kidonge kwenye glasi ya maji ya baba yake, kikapiga chwii, akakitoa akakiweka kwenye kiganja cha mkewe mbele ya watu wote. "Hiki ni chako, mama watoto. Jasho lako." Mwenyekiti akapiga makofi.

"Hiki ndicho mfuko," Pungufu alimwambia mwenyekiti. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Ameuchoma. Hiki hapa ndicho ushahidi wenyewe."

"Mama Pungufu, pumzika," mwenyekiti alisema. "Kufunga duka ni kama msiba. Nami nilipofunga la baba yangu nilisema maneno ya ajabu wiki nzima."

Wakatia saini kwenye meza ya dawa, mzee akaweka kidole gumba pale alipoonyeshwa. Wageni walipokuwa wanatoka, Pungufu alimsikia mwenyekiti barabarani anamsimulia mnunuzi kisa cha Bwana Pungufu, tangu mwanzo, kwa sauti ile ya kujaza ghala. Kilikuwa kimepata mwisho mpya. Sasa baada ya keshia kuiba, sonara mwenye moyo wa dhahabu alimpenda binti wa mwizi kiasi kwamba akingoja kufa alijitwika wizi wenyewe. Mnunuzi alisema hajapata kusikia kitu kizuri hivyo. Kilikuwa kizuri kweli, na wanafunzi wapya wangekipenda kuliko cha zamani.

Alirudi akamchungulia mzee. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, anakoroma kama mtoto aliyeshiba. Miaka yote alilala akigugumia na kushtuka. Leo alikuwa ametua mzigo, na hakuwa na habari umeangukia wapi.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye meza ya kazi, anamsubiri.

"Ungefanya nini wewe?" aliuliza. "Niambie. Watoto wangekula nini? Baba azikwe kama nani?"

Pungufu alikiweka kidonge juu ya fuawe akachukua nyundo. Alikigonga mpaka kikawa bapa, akakigeuza, akakigonga tena mpaka kikawa chembamba kama sarafu iliyochoka. Akavua pete. Ilikataa kwenye kifundo, akaitemea mate, ikatoka. Kisha akashusha ukutani mkasi wa kukatia bati.

"Unafanya nini?" mume alisema. "Mama watoto, hicho si—"

Alikata bapa la dhahabu vipande viwili. Alikata pete vipande viwili. Mkasi ulilia mara mbili, mlio mfupi mkavu, naye akakumbuka kwamba asubuhi ile ya benki baba yake aliusikia mlio huo mpaka mchana. Akamshika mumewe mkono, akakifungua kiganja kwa nguvu, akamwagia vipande vyote vinne na kumfumba vidole juu yavyo.

"Hasara ni ya aliyeishika mwisho," alisema. "Ni wewe."

Akachukua kikopo cha baba yake kwenye rafu, akafungua aproni kiunoni, akaiacha ikaanguka pale sakafuni. Kutoka chumba cha nyuma mzee alikuwa ameamka, anaita kwa sauti nyepesi, ya mtu aliyelala vizuri: "Mwanangu? Mwanangu, nina njaa."

Mume alimwangalia mkewe, kisha akauangalia mlango wa chumba, kisha mkewe tena, kama alivyozoea.

"Uji wa babako uko jikoni," Pungufu alisema. "Bado una moto. Kamnyweshe mwenyewe."